Joto la Doto

...na thelathini na tano nukta tisa haiwi thelathini na sita hata ukiitazama kwa jicho la huruma, namba haina huruma, ndiyo uzuri wake, si ndivyo alivyowaambia kidato cha tatu kila Januari, kwamba uzuri wa fizikia ni kuwa haimwonei mtu haya, haya sasa, haijamwonea, thelathini na tano nukta tisa kwapani mwa mtoto saa nane, thelathini na tano nukta tisa saa tisa, na nesi Dafrosa siku ya kuwaruhusu watoke hospitali alisema bila kumung'unya maneno, shangazi, ikishuka chini ya thelathini na sita na nusu ujue mtoto anachoma akiba yake mwenyewe ili apate joto, akiba gani jamani, Doto ana akiba gani ya kuchoma, kilo moja na gramu mia sita akiwa na nepi, paja lake linaenea ndani ya pete ya vidole viwili, mtoto wa siku ishirini na sita ambaye kwa hesabu ya tumbo alitakiwa bado awe ndani anaogelea, hajui bati wala mvua, na badala yake amefungwa kwa kanga mbili kifuani kwa Asmahani kama mzigo wa magendo, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, soksi mpaka magotini, na Asmahani mwenyewe, mwenye miaka arobaini na moja na shahada moja na nusu, ameketi kitandani kwa wifi yake alasiri hii bila blauzi, mgongo ukutani, akisikiliza mvua ya mawe ikishuka juu ya bati kama kokoto za lori lisiloisha... Mtaa mzima wa Ng'ambo umekuwa mweupe, alichungulia pembeni mwa kanga ya dirishani, uani kumejaa barafu kama mtu kamwaga gunia la chumvi, kuku watatu wamekufa wamesimama, Tabora hii, Desemba hii, ambapo jana asubuhi watu walikuwa wanatembea na vitambaa shingoni kwa jasho.

Hita ipo lakini. Hita inawaka, ashukuriwe Mungu na ashukuriwe pia Abdulatifu mwenye muziki wa harusi aliyewaazima jenereta lake, dude kubwa jekundu, ubavuni limeandikwa BURUDANI KWA WOTE, na hita yenyewe ni ya Asmahani, aliinunua Njombe miaka ile aliyofundisha kule, Juni majani yanaamka meupe na wanafunzi wanaandika wakiwa wamevaa glavu, akairudisha Tabora ndani ya begi na mtaa mzima ukamcheka, mwalimu kaleta moto kwenye tanuri, miaka sita ikakaa juu ya kabati ikifugia mende, na jana jioni mwembe ulipoanguka juu ya nyaya pale barabara ya Ujiji, mwembe mkubwa wa tangu enzi za misafara, na umeme ukakatika mpaka Ipuli, ni nani aliyekumbuka hita, nani aliyesema kaka Shaban, kesho asubuhi nenda kwa Abdulatifu kabla wenye maduka hawajaliwahi, ni yeye, mtu aliyesoma, basi hita inawaka, waya zake nyekundu kama fizi, ameigeuza kidogo upande huu, upande wa Doto, kidogo tu, Mama asione, maana Mama akiona itakuwa kesi... mapacha hawafanyiwi hivyo, anachopata Kulwa anapata Doto, mabasa, pacha kwa lugha ya wazee, wana macho hata wakiwa wamelala, mmoja akionewa anaondoka, ndivyo Mama anavyosema, anaondoka, hasemi anakufa, anaondoka, kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Na ilikuwa ni kichekesho, kama si leo ingekuwa kichekesho cha kuwasimulia walimu wenzake ofisini, saa sita mchana Mama aliingia humu na jiko la mkaa linalorusha cheche, joto la siku arobaini za uzazi, kama walivyofanyiwa wazazi wote wa nyumba hii tangu ijengwe, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga, matundu ya hewa yamesokomezewa kanga kuukuu ili upepo mbaya usipite, na jiko chini ya kitanda, halafu akatoka akarudi na jiko la pili, Mama, jiko la pili la nini, la Doto, akasema, lile la Kulwa, hili la Doto, utampaje mmoja jiko mwenzake umnyime, na Asmahani akasimama na mtoto kifuani akatoa mhadhara, ndiyo, aliutoa, mhadhara wa dakika kumi bila ubao, mama yangu hiyo ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni na haitoki, mtu anasikia usingizi mtamu, analala, basi, familia nzima inakutwa asubuhi imelala vizuri kama iliyopangwa, na Mama akamsikiliza mpaka mwisho akasema, wewe ulizaliwa juu ya jiko hilo hilo, mwalimu, na kaboni yako, na akili ikakutosha mpaka ukaenda chuo kikuu... lakini akayatoa majiko, akayamwagia maji uani yote mawili, tshhh, tshhh, kwa usawa, na Asmahani akajisikia vizuri, vizuri sana, aibu ilioje kujisikia vizuri namna ile, akambana Doto na kusema kimoyomoyo, umeona, shangazi yako yupo.

Kichwa. Kichwa kinamgonga hapa na hapa, penye mishipa, kama kuna mtu anakaza mkanda. Njaa hiyo, hajala tangu uji wa asubuhi, na siku ya tatu hii halali, anaukodolea macho utosi wa mtoto ukipumua, maana utosi wa mtoto unapumua, ukitazama unaona, tip, tip, kama chura mdogo chini ya ngozi, sasa kofia imefunika haoni, lakini ametulia, tangu dakika ishirini hivi ametulia, alhamdulillahi, mchana kutwa alikuwa anajinyonganyonga na kulia kile kilio chake cha paka aliyefungiwa kabatini, sasa kimya, joto limemwingia, na Zuwena naye amelala hatimaye, pale upande wa pili wa kitanda, chali, Kulwa juu ya kifua chake, mdomo wazi, maskini wifi wa watu, mtoto wa kijijini Choma aliyezoea kulala na kuamka na ng'ombe, tangu ajifungue hajalala saa mbili mfululizo, alilalamika kichwa, Asmahani akampa vidonge viwili na maji, akasema ahsante wifi, taratibu, kama mlevi, akalala kabla hajarudisha kikombe.

Kulwa kapewa mama, Doto kapewa mwalimu. Hilo halisemwi na mtu, lakini ndilo lililomo chumbani, limekaa katikati ya kitanda limekunja miguu. Nesi Dafrosa alisema mama mmoja hawezi vifua viwili, mwingine abebwe na ndugu, kifua ni kifua, akamtazama Asmahani akatabasamu, shangazi ana joto zuri, na Asmahani akacheka kwa adabu huku moyoni akijibu, joto zuri gani, dada, kifua hiki hakijawahi kulaza mtu zaidi ya yule Octavian wa Njombe aliyekuwa akilalamika kwamba miguu yangu ni ya baridi, kifua hiki kimebeba madaftari, mara mbili kilijaribu kupata kazi nyingine, mara mbili, mimba zikaishia wiki ya tisa na wiki ya kumi na nne, hakuna aliyejua isipokuwa Mama, na Mama alichemsha maji akamkanda, na sasa mnakipa hiki kifua mtoto wa kilo moja na nusu mnasema kimpe joto, ndiyo maana kuna hita, ndiyo maana kuna BURUDANI KWA WOTE, babu wa babu yake alibeba frasila mbili za pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi hapa, siku baada ya siku, kwa miguu, hapa akachoka akajenga akaoa, na mjukuu wake anatetemeka chini ya kilo moja na gramu mia sita... hatetemeki, mikono tu, mikono imekuwa mizito, anataka kurekebisha blanketi na mkono unafikiri kwanza.

Simu haina mtandao, minara nayo imekosa umeme. Angempigia Shaban amwambie aache petroli arudi, kaka yake huyo na pikipiki yake kwenye barafu, baba wa watoto wawili kwa mpigo, ameondoka muda gani, wakati jenereta linaingizwa ndani, ndiyo, waliliingiza pamoja, lilikuwa uani chini ya kibanda tangu saa sita linanguruma vizuri, halafu mawe yakaanza na upepo ukang'oa turubai, maji yakaanza kulirukia, Shaban akapiga kelele litakufa hili, litakufa na la watu, na yeye Asmahani akafikiri haraka, ndiyo sifa yake, kufikiri haraka, akasema tuliingize ukumbini, hapo mwisho, mlangoni kabisa, futi nne tu ndani, bomba la moshi litazame nje na mlango wa uani ubaki wazi, basi, likaingia, likanguruma ndani ya nyumba kama simba aliyekodiwa, Shaban akaenda kutafuta petroli, na nusu saa sasa, au zaidi, hita haijazimika hata mara moja, na chini ya mlango wa chumba amesukumia kanga kwa mguu wake mwenyewe, alifikiria hilo pia, moshi usipite.

"Hodi humo," Mama akasema, na kanga ikasukumwa na mlango, na Mama akaingia na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani, kajitanda kipande cha nailoni kichwani, kalowa mpaka kiunoni, mwanamke wa miaka sabini na mbili akivuka uani kwenye mvua ya mawe kwenda na kurudi jikoni kwake kama mpagazi, na nyuma yake ngurumo ikaingia, ikajaa, kisha mlango ukafungwa na ngurumo ikabaki nusu. "Kunywa. Mtoto vipi?"

"Katulia, mama."

"Katulia." Mama akaliweka bakuli chini, akashika ukingo wa kitanda kidogo. "Mimi haya maembe ya asubuhi yameniweza, tumbo linapanda juu. Na kichwa. Hiki kichwa leo kinanifanyia vituko."

"Sote, mama. Ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa gani inayobagua vyumba?" Mama akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nikiwa jikoni kwenye moshi wangu, na macho yananitoka machozi, kichwa kinapoa. Nikiingia humu kwenye taa zako kinarudi. Nikitoka kinapoa. Mashine yako haikunipenda."

Na Asmahani akacheka, kidogo, kwa pua, maana Mama kwa vijembe hajambo, nikiwa kwenye moshi kinapoa, nikiingia kwenye taa, akanyoosha mkono alichukue bakuli pale chini na mkono ukafikiri tena kabla ya kwenda, nikitoka kinapoa nikiingia kinarudi, hilo ni jaribio zuri kabisa, badilisha kitu kimoja tu vingine viache, jikoni moshi hapa hakuna moshi, jikoni baridi hapa joto, jikoni wazi... jikoni wazi hapa pamezibwa, na mlango wa uani uko wazi, uliachwa wazi, alisema uachwe wazi, "Mama, mlango wa uani uko wazi?" akauliza, na sauti yake ikatoka kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Uwe wazi mvua hii? Nimeufunga. Ukumbi mzima ulikuwa unaogelea, nikaubana na jiwe."

Kanga chini ya mlango. Aliisukuma kwa mguu. Moshi usipite. Akainua macho taratibu, kama anayesoma ubao kutoka chini kwenda juu, mlango, fremu ya mlango, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, ukuta unapanda, unapanda, na pale juu unakoma, futi tatu kabla ya bati unakoma, nyumba hii haina dari, haijawahi kuwa na dari, alipokuwa mtoto alikuwa analala chumba cha tatu anasikiliza baba yake akikohoa chumba cha kwanza, na sauti zote za nyumba hii na harufu zote na siri zote zilipita kule juu chini ya bati kutoka chumba hadi chumba bila hodi, miaka arobaini na moja anaijua hivyo, na yeye akasimama hapa akaziba mlango chini... hewa isiyo na rangi wala harufu. Inakalia kiti cha oksijeni. Mtu anasikia usingizi mtamu. Dakika kumi alizungumza. Bila ubao. Majiko mawili ya mkaa, majiko ya watu wazima wasiosoma, akayatoa kwa heshima zote akaleta jiko moja la nguvu za farasi watano akaliwasha ndani ya nyumba iliyozibwa akaliita umeme, ametulia, alisema, alhamdulillahi ametulia, dakika ishirini anamshukuru Mungu kwa jambo hilo.

"Mama, zima dude."

"Dude gani?"

"Jenereta, lizime, sasa hivi, fungua mlango wa uani."

"Si ulisema nisiliguse? Ulisema litanirusha."

"Kuna swichi nyekundu, mama, ubavuni, ibonyeze tu, linatuua, lina ile hewa niliyokwambia, ni ile ile, mimi ndiye niliyeileta, nenda, mama, nenda, usivute pumzi ukumbini," na Mama akamtazama, na Asmahani akangoja lile neno, lilikuwa haki yake, Mama alikuwa nalo mdomoni tangu saa sita, mwalimu, na lingetoka angelipokea kama anavyopokea mshahara, lakini Mama alijiziba pua na mdomo kwa ncha ya kanga akatoka, na mlango ukabaki wazi na ngurumo ikaingia yote.

Simama. Miguu haipo, iko chini ya blanketi lakini si yake, ya mtu mwingine, ya mtu aliyelala. "Zuwena." Hakuna. "Wifi. Wee Zuwena!" akamfikia kwa mguu, akampiga teke la paja, teke la kweli, Mungu amsamehe, mzazi wa arobaini, akamwinamia akamzaba kofi shavuni, "Amka, amka, mwanao, amka," na Zuwena akafumbua macho yasiyotazama kitu akasema kitu kwa Kisukuma, jambo la ng'ombe pengine, kisha akasema, "Wifi kichwa," na Kulwa juu yake akakunja uso wote kama ngumi akalia, akalia jamani, kilio kizima chenye hasira, na Asmahani hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho, akangoja cha pili, cha huku, maana siku zote wanalia wawili, mmoja akianza mwenzake anajibu, siku zote, akangoja, Doto hakujibu.

Ngurumo ikakata. Ghafla, na waya za hita zikawa za machungwa, kisha za kahawia, kisha chuma tu, na taa ikaondoka, na kimya kilichokuja kilikuwa na mvua tu ndani yake, na kule mwisho wa ukumbi jiwe likasukumwa, na upepo wenye barafu ukapita nyumba nzima kama mwenye nyumba, chini na juu, chini ya bati, na ukamgusa mgongoni. Dirisha. Alipanda magoti kitandani na mtoto kifuani, akazivuta kanga za matundu, moja ilikuwa imekazwa na fundi wa kuziba upepo mbaya, yaani Mama, akaivuta kwa meno, akasukuma mbao za dirisha zikafunguka zote mbili, na mwanga wa kijivu ukaingia na mawe mawili matatu yakaruka mpaka kwenye shuka, na baridi, baridi ya Njombe, ikamwingia Doto, anamtoa kwenye sumu anampeleka kwenye barafu, thelathini na tano nukta tisa halafu hii, hakuna hita, hakuna mkaa, hakuna simu, hakuna kaka, amevua kofia kidogo atazame utosi, utosi, uko wapi, tip, ndiyo ule, au ni kidole chake mwenyewe kinachodunda, vidole vyake vyote vinadunda, mwili wake wote ni mdundo wa mtu mzima mwenye hofu, hawezi kusikia chura mdogo chini ya kelele zake mwenyewe, pumua, baba, pumua, nakuomba, akampuliza usoni, akamkwaruza wayo juu ya soksi, akaivua soksi akamkwaruza wayo wenyewe, mguu ukavutika, kidogo, au uliteleza.

Mama akarudi akikohoa, kanga imetoka kichwani, mvi zake zote nje. Akashika kichwa cha Zuwena akakigeuzia dirishani, "Vuta hewa, mwanangu, vuta, tapika kama unataka, hapo hapo chini, nani anajali," na Zuwena akatapika hapo hapo chini, na Kulwa akiendelea kulia, na Mama akasema, "Msogezeni kwa mwenzake."

"Mama, Doto—"

"Nimeona. Zuwena, geuka, mtazame wifi yako. Wee Asma, sogea. Sogea, mwanangu, unaona haya gani saa hizi?" na akawavuta kwa kanga zao kama anavyovuta mbuzi wawili wasiopatana, akawakutanisha magoti kwa magoti, kifua kwa kifua, akafungua fundo la Zuwena na fundo la Asmahani, na katikati yao, mgongo kwa mgongo, watoto wakagusana, mara ya kwanza tangu siku ile walipotolewa mmoja mmoja na kupelekwa kila mmoja kwenye kifua chake kwa kufuata maelekezo, na Mama akachukua kanga zote zilizotoka kwenye matundu, zote, na blanketi, na shuka, akawazungushia wanne kama anafunga mzigo wa safari ya miezi mitatu, akaacha vichwa vinne tu nje, viwili vikubwa viwili vidogo, kisha akapanda nyuma ya Asmahani upande wa dirisha, akaketi, mgongo wake mwenyewe uliolowa ukaikinga ile baridi inayoingia, hakuomba apishwe.

"Kulwa alikuwa na chake na Doto na chake," Mama akasema, kwa pumzi fupi. "Sasa wamepata sawa."

Si kweli hiyo, hakuna aliyeipima, na sawa haihusiani na kitu, ni oksijeni tu, ni eneo la ngozi na unene wa blanketi, angeweza kulieleza, angeweza kulieleza hata sasa, alilitafuta neno pale anapoliweka siku zote, likakosekana, akakuta mahali pake pana kitu kingine, hofu tupu isiyo na digrii, ya kila mtu, ya Zuwena ambaye paji lake la uso limegusana na lake na linanuka matapishi na maziwa, ambaye analia bila sauti na kusema, "Wifi, kalala tu, sema kalala tu," na siku zote Asmahani ni mtu wa kusema kitu kilivyo, watu wamemchukia kwa hilo na Octavian alimwacha kwa hilo, akasema, "Sijui, wifi. Sijui," kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeliweka pale," na Zuwena hakutoa uso wake, hakuutoa, mkono wake ukapita chini ya blanketi ukazunguka mpaka mgongoni kwa Asmahani ukamkamata hapo, kwa nguvu ya mtu wa kukamua ng'ombe thelathini, ukamvuta karibu zaidi, hakukuwa tena na nafasi ya kuvutwa, na bado ukamvuta.

Mawe yanaendelea kushuka. Hakuna pikipiki. Zuwena hajui, Mama hajui, na yeye, aliyesoma, hajui, na huu mwili wa miguu ya baridi ndio uliobaki, hakuna mwingine, hakuna cha kuuazima, basi utumike, utumike wote, akaubana mgongo mdogo kwa kiganja, akapumua polepole, kwa makusudi, kifua juu, kifua chini, ili mwenye kukilalia akumbuke jinsi inavyofanywa, juu, chini, mtazame shangazi, hivi, juu, na Kulwa akanyamaza, na katika kule kunyamaza kitu kikasogea chini ya kidevu chake, kofia ikateleza, pua baridi kama ncha ya chaki ikashuka taratibu, ikapotea njia, ikarudi, na mdomo, mdomo mkavu usiozidi kitufe cha shati, ukafunguka juu ya titi lake na kuanza kutafuta, dhaifu, kwa hasira, kama mwenye haki yake, na Asmahani, ambaye hajawahi kumdanganya mtu katika maisha yake, akainamisha kichwa akamwambia, hamna kitu humo, baba, humo hamna kitu, lakini tafuta, tafuta tu, usiache.